Msimamizi wa Tijuana

Wepukhulu hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Malaba. Lakini asubuhi moja, akinywa chai kibandani hapo Kitale, aliona kwenye simu mji uitwao Tijuana, na papo hapo akajua kwamba Mungu hamtupi mja wake. Mji wenyewe uko Meksiko, umeegemea ukuta wa Marekani. Viwanda vinaunganisha televisheni kutwa kucha, na langoni pana mabango: wafanyakazi wanahitajika. Kazi tele, tena mbali kiasi kwamba hakuna wa kwenda kuhakikisha.

Kufikia Jumatatu alikuwa na suti, muhuri na chumba cha kukodi karibu na soko. Watu wakafurika kununua fomu za kazi ya Tijuana. Mwalimu mmoja wa Ndalu alimsihi amfikirie kabla ya shemeji yake. Wepukhulu akawafikiria wote wawili, kila mmoja kwa siri na kwa pesa yake.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja mwenye miwani, Nyaruai. Hakuomba fomu. Alisikiliza tu, na watu walipotoka akafunga mlango.

"Kijana wangu, unadanganya vibaya."

Wepukhulu akaufunika muhuri kwa kiganja.

"Mimi nimefanya kazi huko miaka saba," mama akaendelea. "Ati kampuni inawalaza watu ghorofani? Si tulikaa mlimani, nyumba zilizojengwa kwa mbao na milango mikuukuu ya gereji! Alfajiri basi la kiwanda linatuchukua. Nilikuwa nakaza skurubu moja, hiyo hiyo, zamu nzima. Jumapili tunakula samaki ufuoni, pale ukuta unapoingia baharini."

"Mama, si uniambie polepole," Wepukhulu akasema, akimvutia kiti.

Mama akamfundisha siku mbili. Uongo ukanoga, fomu zikaisha. Ila mwuza uongo ni kama mpishi, asionje sana: Wepukhulu akaanza kuliota lile basi.

"Na msimamizi je?" akauliza, kana kwamba anauliza hali ya hewa.

"Msimamizi hashiki skurubu. Anavaa koti jeupe, anatembea na kalamu. Nafasi moja iko, lakini najua wewe hauna hamu."

"Nani amesema sina hamu?"

Akampa pesa zote za fomu, na pikipiki yake juu. Mama akamwambia afike Bungoma Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, ukumbi wa hoteli fulani. Afisa atamletea tiketi.

Ijumaa Wepukhulu akaingia ukumbini na sanduku, tai imemkaba. Alikuta wanaume watano wameketi, kila mmoja na sanduku lake. Aliwajua wote, walaghai wenzake. Yule Kibiwott aliwahi kuwauzia wakulima mchanga kwa jina la mbolea. Gathii naye alikuwa na ploti moja ya ardhi huko Kipsongo, ambayo huiuza kila mwaka.

"Niaje, Gathii. Unaenda wapi?"

"Tijuana," Gathii akajibu kwa fahari. "Msimamizi."

"Ati nini?" Kibiwott akaruka. "Msimamizi si ni mimi?"

Wakatazamana, wote sita. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Hatimaye Wepukhulu akapiga meza.

"Huyu mama ni mwizi! Twendeni polisi, bana!"

Hakuna aliyeinuka.

"Sawa," Gathii akasema taratibu. "Nani ataandikisha jina kwanza?"