Waini ya Wembe

"Sikieni hii! Chupa moja ya waini, ina miaka mia, imenunuliwa kwa bei ya nyumba!" Dakika, fundi saa, alilipiga gazeti kwa kiganja hadi vikombe vikatikisika kwenye benchi la kahawa.

Wembe, kinyozi, akavimba kichwa kana kwamba ametajwa yeye. "Si niliwaambia? Yangu sasa inatimiza saba."

"Ile ya rafuni kwako? Mimi nilidhani mafuta ya nywele!"

"Nimeisimamisha chini ya taa, pembeni ya spika, kila mteja aione. Inazidi kuiva."

Trei, mhudumu wa hoteli, alipaliwa na kahawa. "Inaiva? Kaka, taa inaiunguza, joto la saluni linaichemsha, spika inaitikisa kutwa. Halafu umeisimamisha! Chupa ya kizibo hulazwa, kizibo kibaki na unyevu. Kikikauka tu, hewa inaingia, kwisha habari."

"Acha kamba. Chupa ilazwe, inaumwa?"

"Ilazwe gizani, tena penye ubaridi usiobadilika. Na waini nyingi ni za kunywa mapema, si za kuzeesha."

"Gazeti limesema mia!"

"Ya gazetini ililala chini ya ardhi. Yako imekesha disko!"

Dakika alicheka hadi akashika mbavu. Wembe hakucheka. Alivuka barabara hadi saluni, akarudi na chupa yake. Kizibo kilimeguka vipande vipande. Akamimina kidogo, akaonja, uso ukamkunjamana. Ilimuuma kwelikweli.

Trei alinusa kikombe. "Siki hii."

"Pole, mshikaji," alisema Dakika. "Kwani ulikuwa unaiwekea nini miaka yote hiyo?"

"Siku nitakayomwambia mtu jambo."

"Mtu gani?"

Macho yalimponyoka Wembe, yakamwendea Dada Birika, muuza kahawa, aliyekuwa ameinama akipuliza jiko. Benchi zima likageuka kumtazama. Hata Dakika aliweka gazeti chini.

Dada Birika aliinuka taratibu. "Miaka saba?"

"Nilikuwa... nasubiri iive."

"Na mimi je? Ulidhani nami nazidi kuiva hapa jikoni?" Alimpokonya chupa, akaimwaga yote mtaroni. "Jumapili saa kumi, nyumbani kwa kaka yangu. Na uje mikono mitupu, Wembe. Ukinunua nyingine, utaanza kuhesabu upya."