Vipindi Kumi na Vitatu vya Ng'ombe

Orrin Stuhmer alikuwa akichovya mkate wa mdalasini kwenye maharage ya pilipili alipoliona tangazo gazetini: Kituo cha Kumi na Moja, televisheni ya umma, kinawaalika watayarishaji wa kujitegemea walete mawazo ya vipindi, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Akaacha kutafuna. Ya umma! Hakuna neno tamu kama hilo sikioni mwa tapeli. Mali ya mtu ina mbwa; mali ya umma ni shamba la bibi, na bibi mwenyewe haoni. Somo hilo hakulipata darasani. Alilipata kwa kuwatazama wakubwa, ambao hula humo kisha hujifuta midomo kwa tai.

Na shida alikuwa nayo, ya kweli. Mkewe Darlene alipofariki, nyumba ilikwenda na gharama za madaktari. Kilichobaki ni gari lao, Buick la kahawia. Humo alilala, humo alinyoa ndevu, na kiti cha abiria hakukigusa. Kilikaa vilevile Darlene alivyokiacha. Sasa theluji ya Nebraska ilikuwa njiani, na gari si nyumba. Bila fedha za kupanga chumba angekutwa ameganda kama samaki wa dukani.

Alhamisi akaingia kituoni na koti la kuazima na jina la kuazima.

"Profesa Lionel Ashworth," akajitambulisha. "Mtayarishaji."

Meneja wa vipindi, Bi Verlene Bohac, mama mtu mzima mwenye sweta lililofumwa maboga kifuani, akammiminia kahawa nyepesi kama chozi. "Haya, Profesa. Tupe wazo."

"Vipindi kumi na vitatu, mama. Mimi napiga kinanda cha kodiani, ng'ombe wanasikiliza."

"Halafu?"

"Halafu wanaendelea kusikiliza."

Bi Verlene akashika kifua. "Watazamaji wetu watalia! Ng'ombe wangapi?"

"Inategemea wimbo. Na bei yangu ni dola elfu arobaini tu."

Bi Verlene akacheka kwa huruma, kama anayemcheka mtoto aliyeuliza jua hulala kitanda gani. "Sisi hatununui, Profesa. Mtayarishaji huja na vipindi vilivyokamilika, pamoja na mfadhili aliyevigharamia. Sisi tunakupa nafasi hewani. Jumapili, saa kumi na moja alfajiri."

"Bure?"

"Bure kabisa! Hatukutozi hata senti."

Orrin akakisukuma kando kikombe. Ndivyo walivyo wenye viti vya kuzunguka: ulime wewe, upalilie wewe, uvune wewe, kisha wao, kwa ukarimu mkubwa, wakuruhusu kujaza ghala lao.

"Ila," Bi Verlene akashusha sauti, "yupo Bwana Duane Prokop, yule wa mbegu za mahindi. Ana elfu sitini, anatafuta kipindi cha kufadhili. Ila hampi mtu ambaye mwenyewe hajatoa kitu. Leo tunaomba michango hewani, na yeye hukaa akitazama siku nzima."

"Mtu atoe nini, kwa mfano?"

"Chochote kinachouma. Wengi hutupa magari. Gari la kuyavuta liko hapo nje."

Orrin akalitazama Buick kupitia dirisha. Elfu sitini! Akizipata, atalinunua tena kabla injini haijapoa. Akamwomba Darlene radhi kimoyomoyo, akatoa kadi ya gari.

Bi Verlene akavaa miwani. "Mbona hapa pameandikwa Orrin Stuhmer?"

"La kuzaliwa hilo, mama. Ashworth ni la sanaa."

"Ooh, la kuzaliwa ndilo zuri," akasema, akalinakili herufi kwa herufi, akampa atie sahihi.

Baada ya dakika kumi Orrin alikuwa mbele ya kamera, na nyuma yake wazee kumi na wawili wa kujitolea, kila mmoja na simu yake. Akafungua mdomo, na haki yake apewe: mdomo ule ulifugiwa nyuki. Akasimulia Buick, akasimulia kiti cha Darlene, akanogewa hadi akasahau kudanganya. Machozi yakamtoka ya kweli, jambo lililomtisha sana. Simu zikalia zote kwa pamoja.

"Bwana Duane huyo!" Bi Verlene akapiga yowe, simu sikioni. "Analia, Profesa! Anatoa elfu sitini zote!"

"Si nilijua! Nazipokelea dirisha lipi?"

"Wewe tena? Amezitoa kwa kituo. Anasema mtu akishatoa gari lake la mwisho, ng'ombe wa nini? Tutaezeka paa!"

Wazee wakasimama wakampigia makofi. Orrin akatoka mbio. Buick lilikuwa limeshafungwa mnyororo, linaburutwa kuelekea barabara kuu.

"We! Simama! Simama, ndugu yangu!"

Dereva akampungia mkono, akidhani anaagwa.

Bi Verlene akamfuata akihema, karatasi mkononi. "Stakabadhi yako, mwanangu! Ukitoa gari unapunguziwa kodi."

Kodi! Miaka tisa iliyopita Orrin aliwaandikia watoza kodi barua ya kuwaarifu, kwa majonzi makubwa, kwamba Orrin Stuhmer ameiaga dunia. Nao walijibu kwa rambirambi.

"Sina haja nayo, mama," akasema. "Ichane. Ichane sasa hivi."

"Yako ukipenda ichane. Nakala ya watu wa kodi nimeshaituma, na jina lako la kuzaliwa." Akampapasa bega. "Wala usijisumbue kwenda ofisini kwao, baba. Watakuja wenyewe."