Washenga wa Kumhamisha Naeku Chuo

Habari ile Redio Mbao aliitoa kabla hajaketi na kabla hajaagiza kitu, jambo ambalo pale kijiweni Moshono halijawahi kutokea tangu lile benchi lipigiliwe misumari.

"Jamani, wamefungua dirisha!"

"Wafunge, vumbi linaingia kwenye mtori," akajibu Mama Loshoro bila kugeuka.

Kwa asiyewajua: Mama Loshoro ndiye mwenye kijiwe. Jina lake la ubatizo ni Paskalina, lakini ukimwita hivyo atashtuka, atauliza nani kafariki. Redio Mbao ni Reginald, fundi viatu wa kando ya barabara. Habari zake nusu kazisikia, nusu kazishona mwenyewe.

"Dirisha la kuhama chuo, mama! Nimesikia redioni kwa masikio yangu yote. Aliyekatisha masomo anaruhusiwa kuhamia chuo kingine, na masomo aliyofaulu anaenda nayo. Harudii! Sharti moja tu, chuo cha zamani kikubali kumwachia. Mwisho Ijumaa."

"Uongo huo," ikasema sauti kutoka juu ya pikipiki.

Huyo alikuwa Nathanaeli, bodaboda, anayeitwa Profesa Nusu. Alizima pikipiki, akavua kofia ngumu taratibu, kama mtu anayevua joho la mahafali.

"Chalii yangu, mambo ya kuhama chuo niulize mimi. Nimehama vyuo vitatu. Kila nikihama naanzishwa mwaka wa kwanza. Nchi hii hakuna mtu anayeujua mwaka wa kwanza kama mimi. Wa pili nausikia tu kwa watu, kama theluji."

"Wewe ulihama au ulikimbia?" akauliza Mama Loshoro.

"Niliondoka kwa heshima zangu."

"Uliondoka kupitia dirisha!"

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Redio Mbao, akiona habari yake inaporwa, akapandisha sauti. "Lakini kweli, tahadhari ni muhimu. Kuna kijana wa Momela aliomba kuhama chuo, mfumo ukampeleka kidato cha pili. Mpaka leo anavaa kaptula!"

"Mfumo!" Profesa Nusu akapiga goti lake. "Ukienda, mfumo uko chini. Ukirudi, mfumo uko chini. Hivi huo mfumo siku ukipanda si tutauona juu ya Meru kule!"

Pale pembeni, kwenye jiko la chapati, Naeku hakucheka. Mikono yake ilikuwa inasukuma donge lilelile kwa muda mrefu hata likawa jembamba kama pazia. Miguuni pake, kwenye mkeka, mwanawe Hanna alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko, akiwaongoza wazee wale kama mwalimu wa kwaya. Neno moja tu lilikuwa limebaki masikioni mwa Naeku: harudii. Masomo aliyofaulu anaenda nayo.

Mama Loshoro akainua pua. "Nini kinaungua?"

Watu wote wakageuka. Kwenye kikaango, chapati ilikuwa imegeuka rangi ya kiatu cha askari.

"Mama Hanna," akasema Mama Loshoro polepole, "wewe hujawahi kuunguza chapati. Hata siku ile ng'ombe alipoingia humu jikoni, ulimfukuza kwa mkono mmoja huku unageuza kwa mwingine. Una nini?"

"Hamna kitu, mama."

"Hamna kitu hakitoi moshi."

Ikabidi aseme. Akasema akiwa amemwangalia Hanna, maana ndiye pekee asiyemkodolea macho. Kwamba alifika mwaka wa pili wa stashahada ya maendeleo ya jamii, kule Singida, na kubakiza mwaka mmoja tu. Tumbo lilipoanza kuonekana alifunga begi, akapanda basi la alfajiri, hakumuaga mtu. Kwamba huku upande wa Usa River kuna chuo wana masomo ya jioni na wako tayari kumpokea, mchana akipika chapati. Kilichobaki ni kumpigia Madam Anaeli, msajili wa kule Singida, amwachie. Na kwamba kila akipiga, simu ikishaita mara moja tu, anaikata.

"Kwa nini unaikata?" akauliza Redio Mbao.

"Madam alikuwa ananiita mwanangu," akasema Naeku. "Sasa nitaanzia wapi?"

Redio Mbao akashusha kikombe chake. Hata Hanna aliacha sufuria. Ndipo ikasikika fimbo ikigonga chini, mara mbili.

Alikuwa Mzee Lemburis. Pale kijiweni wanamwita Spika, kwa sababu hakuna mjadala unaofungwa kabla hajagonga fimbo. Ukoo mzima wa Waarusha wa upande ule, mtu akitaka kuozesha binti au kuoa, anamtafuta yeye akamsemee.

"Tatizo nimeliona," akasema, akiweka sawa shuka begani. "Huyu binti ametoka kwenye boma la watu bila kuaga. Mtu haondoki boma bila kuaga. Na akishaondoka hivyo, harudi yeye kujieleza. Wanatangulia wazee."

"Babu, hiki ni chuo," akasema Profesa Nusu. "Si boma."

"Kina geti?"

"Kina geti."

"Kina mama mwenye nyumba?"

"Ndiyo huyo Madam."

"Wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanalelewa pamoja?"

"Eeh, mabwenini."

"Ero, kijana! Hilo ni boma. Wewe umesoma vyuo vitatu hukuliona hilo, ndiyo maana kila mahali unaanzishwa mtoto mchanga." Akageukia benchi. "Tunahitaji washenga, kondoo jike na maziwa ya kibuyu. Tunakwenda Singida."

"Singida kwa pikipiki na kondoo!" Profesa Nusu akashika kichwa. "Babu, trafiki atauliza huyo abiria wa katikati kofia yake iko wapi!"

"Na mimi nibebe mkungu wa ndizi," akadakia Redio Mbao, ambaye safari ya bure haijawahi kumpita. "Mshenga bila ndizi ni mgeni tu."

"Mshenga wewe?" Mama Loshoro akauliza. "Utamwombea binti ruhusa, ukifika stendi ushamwongezea mapacha watatu!"

"Jamani, mwisho Ijumaa," Naeku akasema kwa sauti ndogo. "Babu, nashukuru. Ila hamtawahi."

Hapo ndipo Profesa Nusu alipofanya jambo la kwanza la maana tangu mwaka wake wa kwanza wa kwanza. Aliona simu ya Naeku kando ya unga, jina la Madam Anaeli likiwa juu kabisa. Akaibonyeza, akaweka sauti ya wote, akamkabidhi Mzee Lemburis kwa mikono miwili.

"Washenga wanakwenda kwa simu, babu. Kondoo atafuata."

"Nathanaeli!" Naeku akaruka, mikono imejaa unga. Simu ikaita mara moja. Hapo ndipo yeye hukata. Ikaita mara ya pili.

"Haloo, Anaeli hapa."

"Hodi!" Mzee Lemburis akanguruma, kana kwamba sauti ilitakiwa ifike Singida kwa miguu.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Sisi ni wazee kutoka Arusha, chini ya mlima. Hatukuja kwa ugomvi. Tuna binti yetu aliwahi kulelewa kwenye nyumba yako. Akatoka bila kuaga. Binti anajua kosa, na sisi tunalijua. Tumekuja kukanyaga pale alipokanyaga, tuombe yaishe, halafu tukuombe umwachie akamalizie kwenye chuo cha jioni huku kwetu."

Naeku alifumba macho. Basi, aliwaza, imekwisha. Atakata simu, na ana haki.

"Wazee," ikasema sauti ile, "mimi ni Mmeru wa Nkoaranga. Mila hizi nazijua. Hebu niulize. Nasikia kijiko kinagonga kikombe. Mmekaa?"

Mzee Lemburis akatazama benchi alilokalia kana kwamba limemsaliti. Kwa miaka yote ya ushenga wake hajawahi kukamatwa hivyo. Anayekuja kuomba haketi mpaka aambiwe kaa. Na hilo yeye ndiye huwafundisha wengine!

"Simameni!" akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka kwa muuza mkaa.

Wakasimama. Redio Mbao na kikombe chake. Profesa Nusu na kofia kifuani. Mama Loshoro, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akasimama zaidi.

"Tumesimama, mama."

"Na huyo anayetafuna?"

Redio Mbao akameza andazi zima.

"Ameacha, mama."

"Sawa. Sasa mila inasema, wazee wakishasema, binti mwenyewe anaitwa mbele anaulizwa. Mleteni."

Mzee Lemburis akaitikia kwa kichwa. Kweli, ndivyo ilivyo. Hakuna binti anayepelekwa popote mpaka aseme kwa kinywa chake. Akanyoosha simu kwa Naeku, na safari hii fimbo haikugonga.

Naeku akafuta mikono kwenye aproni, mara moja, mara tena. Akaipokea.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Naeku."

Kumbe jina lake bado lilikuwa huko.

"Naeku, hawa wazee unawatambua?"

Akawatazama. Redio Mbao machozi yanamlengalenga, pengine ni andazi. Profesa Nusu ameikumbatia kofia. Mama Loshoro anatikisa kichwa kumsukuma mbele, kama anavyomsukuma Hanna atembee.

"Nawatambua, Madam. Ni wa kwangu."

"Na huko unakotaka kwenda, wamekulazimisha au ni wewe?"

"Ni mimi," Naeku akasema. Sauti ikatoka ndogo, akarudia. "Ni mimi, Madam. Nataka kumaliza. Niliogopa kukuaga kwa sababu niliona aibu. Nisamehe. Nataka kumaliza."

Sauti ya upande wa pili ikashusha pumzi. "Mwanangu, mimi kila walipouliza darasani umepotelea wapi, nilisema utapiga simu. Nimepokea simu za kukatika mpaka nikajua kuna mtu mahali ananikumbuka. Masomo uliyofaulu umefaulu, hayajaoza. Tuma ombi lako leo, wewe mwenyewe. Mimi nakuachia kabla ya Ijumaa. Ulijifungua salama?"

"Salama, Madam. Anaitwa Hanna."

"Atakaa na nani ukiwa darasani jioni?"

"Na sisi hapa!" wakajibu watu watatu kwa pamoja.

"Ana benchi zima," akaongeza Mama Loshoro. "Ila huyu wa habari hatamsimulia kitu."

Madam akacheka, kijiwe nacho kikalipuka. Ndipo Profesa Nusu akaona dirisha bado liko wazi. Akainamia simu, sauti imegeuka ya kanisani.

"Shikamoo, Madam. Naitwa Nathanaeli. Na mimi ningeomba wazee wanisemee. Nimepita vyuo vitatu."

"Marahaba. Uliaga vingapi?"

Profesa Nusu akakuna shingo. Akatazama Meru, akatazama pikipiki.

"Hata kimoja, Madam."

"Basi wewe usipige simu, baba. Wewe nenda na kondoo. Watatu."

Simu ikakatika. Redio Mbao alicheka mpaka akashikilia nguzo ya banda, na Mama Loshoro akajifuta macho kwa upande wa kanga. Profesa Nusu akaanza kuuliza, kwa sauti ya mtu mzima, bei ya kondoo mnadani ikoje siku hizi.

Baada ya muda ndipo mmoja wao akagundua jambo.

"Jamani," akasema Redio Mbao, "mbona bado tumesimama?"

"Mama mwenye nyumba hakutuambia tukae," akajibu Mzee Lemburis, mgongo umenyooka, ingawa magoti yalikuwa yanalalamika. "Mila ni mila."

Wateja wawili waliokuwa wanakuja kunywa mtori wakasimama nao, wakavua kofia, wakanong'ona kuulizana ni msiba wa nani.

Naeku akageuka kumtafuta Hanna. Mkekani, katikati ya watu wazima wote wale waliosimama, Hanna naye alikuwa amesimama. Hakushika benchi, hakushika sufuria. Miguu inayumba, mwiko juu, uso umejaa kiburi cha ubunge.

"Msiongee," Naeku akanong'ona. "Msimshtue. Hajawahi."

Redio Mbao akajiziba mdomo kwa kiganja. Hanna akawatazama mmoja mmoja, akamfikia Mzee Lemburis, akaushusha mwiko kwenye sufuria: ngo! Kisha akakaa, puu!

"Sidai, vyema kabisa," akasema Mzee Lemburis, akijiachia benchini kwa mguno mrefu. "Spika amesema tukae."