Mshtarii Anakuja Jumamosi

Jumatatu, 9 Septemba

Vita vimetangazwa. Ilikuwa wakati wa chai, chumba cha walimu. Nilieleza, kwa upole wangu unaojulikana, kwamba sayari ya Mshtarii ina sumaku kubwa ajabu, na kwamba mwezi wake mmoja, uitwao Io, unapokatiza ndani ya sumaku ile, chembe za umeme hukurupuka na kutoa mawimbi ya redio. Yanafika mpaka hapa kwetu. Redio ya mawimbi mafupi na waya mrefu vinatosha kuyasikia. Zipo hata nyota zinazopiga kelele za namna hiyo!

Mwalimu wa fizikia, tunayemwita Bwana Ushahidi kwa sababu hana sentensi nyingine, akauliza ushahidi uko wapi. Kisha akawaambia wenzetu kwamba mwalimu wa Kiswahili abaki na ngeli zake, tena hata hizo zimenishinda, maana nasema Mshtarii "ananguruma" badala ya "inanguruma". Wakacheka. Nikamjibu kwamba mwenye sauti kama ile ana haki ya kuhesabiwa pamoja na watu. Nikamwalika Jumamosi jioni aje nyumbani asikie mwenyewe.

Akakubali haraka mno. Sikulipenda tabasamu lake.

Jumanne, 10 Septemba

Waya wangu wa redio, ule wa juu ya paa, umechana shuka jingine la mama mkwe. Paa ni lake, kamba ya nguo ni yake, nyumba yote ni yake. Mimi na mke wangu tumehifadhiwa tu. Amemwambia binti yake, mimi nikiwa nimekaa pale pale, kwamba waya ule usipoonyesha faida yake ifikapo Jumamosi, utashuka pamoja na aliyeupandisha.

Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama vitabu vyangu. Tutaviweka wapi, barabarani?

Mkakati: kumshtukiza. Mama mkwe akisikia ngurumo za mbinguni kwenye spika kubwa, atalainika. Spika anayo shemeji, kaka wa mke wangu, na alishaniahidi kuniazima siku nikiihitaji. Nimemtumia ujumbe: "Shemeji, Mshtarii anakuja Jumamosi jioni. Nyumba iko tayari. Mama asijue mpaka mambo yaive."

Fupi. Safi. Kila neno mahali pake. Ameusoma. Hajajibu.

Jumatano, 11 Septemba

Shemeji amekuja bila spika. Hakunisalimia. Amejifungia jikoni na mama yake. Nikatega sikio. Nikaambulia "tangu lini" na "dada naye anajua?" Msaliti! Siri imevuja.

Mezani, mama mkwe aliniuliza taratibu, bila kuinua macho, kama ni kweli mshitiri anakuja. Mshitiri! Nikamsahihisha: mshitiri ni mnunuzi, Mama, huyu ni Mshtarii. Akasema neno hilo amelitumia kabla sijazaliwa, nisimfundishe kusema. Akauliza kama huyo mgeni ameshaiona nyumba. Nikasema anaiona mara kwa mara, kutokea juu. Akauliza ni mkubwa kiasi gani. Nikamwambia anaweza kuimeza dunia yote na bado akabaki na njaa.

Kijiko kilimponyoka. Nimefurahi. Mama ana udadisi wa kisayansi ambao sikuutegemea.

Alhamisi, 12 Septemba

Geti lina kufuli jipya. Mama mkwe anashinda kwenye kiti mlangoni, mchi wa kinu kando yake. Mke wangu amehamia chumbani kwa mama yake. Nilipomuuliza kulikoni, akasema mimi ndiye nijiulize. Nadhani ni msisimko. Najilazimisha kudhani ni msisimko.

Na Mshtarii asiponguruma? Io haufuati ratiba ya mtu. Halafu kuna friji. Mota yake ikiwaka, redio yangu inakoroma na kumeza kila kitu. Nimeamua: Jumamosi nitakata umeme wa nyumba nzima. Redio yangu inatumia betri. Simwambii mtu. Nikiwaambia watakataa.

Jumamosi, 14 Septemba

Wajomba na mashangazi walianza kuwasili alasiri. Sebule ikajaa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeomba maji. Nikajisemea: hii ndiyo hadhira! Redio nikaiweka dirishani.

Bwana Ushahidi akafika amevaa suti, mkoba mkononi. Geti lilikuwa limeachwa wazi kwa ajili ya wajomba, nikamkaribisha. Hata hakunitazama. Aliliangalia paa kutoka pembe hii hadi ile, kisha akatembea kando ya ukuta akipima kwa hatua urefu wa waya wangu. Mjomba mmoja akanong'ona kwamba ndiye huyo, tena hana hata aibu. Sikuelewa. Sikuwa na nafasi ya kuelewa. Nikakata umeme.

Mashangazi wakapiga yowe. Mama mkwe akasimama na mchi wake.

"Nyumba hii haiuzwi," akasema.

Bwana Ushahidi, kwa adabu zake zote, akajibu kwamba nyumba haimhusu, yeye amefuata kilicho juu yake tu.

"Anataka kuanza na paa!" akasema shangazi.

Maji ya kuoshea vyombo yakamkuta kifuani. Aliondoka mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Na hapo hapo ikasikika! Kwanza kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati, halafu kama mawimbi yanayopanda ufukweni na kurudi, yanapanda na kurudi. Nikapaza sauti: ndiye huyo, Mshtarii! Mjomba akasema tumemwona, ameshakimbia. Nikawasihi wanyamaze. Wakazidi kubishana. Nilikumbatia redio peke yangu, sikio juu ya kitambaa cha spika yake ndogo, mpaka mama mkwe alipouvuta waya chini.

Jumapili, 15 Septemba

Kikao cha familia. Yote yameelezwa. Shemeji alidhani nilitaka kuandika "mshitiri" nikakosea herufi. Mimi! Kukosea herufi! Mke wangu akasema tatizo halikuwa herufi. "Ungesema 'inasikika', mume wangu, badala ya 'anakuja', leo tungekuwa na amani."

Mama mkwe amenisamehe. Waya urudi, lakini nikizusha kizaazaa kingine kimoja, mabegi yangu yatakuwa nje ya geti.

Bwana Ushahidi amepiga simu. Anataka kiatu chake. Anasema pia kwamba kelele niliyoisikia huenda ni ya kitu chochote. Ushahidi uko wapi?

Nimepata jibu! Zuhura. Sayari ile haina sumaku kama ya Mshtarii, hivyo haiwezi kunguruma namna ile. Nikiielekezea waya na nisisikie kitu, nitakuwa nimethibitisha kwamba ngurumo ni ya sumaku. Mke wangu ana wasiwasi mwingi siku hizi, sitamsumbua. Nimemwandikia shemeji peke yake, na safari hii nimehakiki kila herufi:

"Shemeji, Ijumaa jioni nitakuwa na Zuhura juu ya paa. Yeye hana kelele kama yule wa kwanza. Dada yako asijue mpaka nimalize."

Ameusoma. Hajajibu. Dalili njema.