Jinsi Nilivyolinasa Zeze la Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Mkuu wa maktaba ya sauti anastaafu mwisho wa mwezi. Hatimaye! Mkurugenzi ametuita mimi na Mwanakwaya ofisini kwake. Mwanakwaya ndiye mwenzangu wa meza ya dirishani. Huimba besi Jumapili na huivumisha puani besi hiyohiyo siku nyingine zote. Mama Mkurugenzi akasema kiti kitakwenda kwa atakayeleta, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, sauti ya zeze la zamani ambalo halijawahi kurekodiwa. Niliinamisha uso nisionekane nacheka. Baba mkwe analo! Linaning'inia ukutani sebuleni kwake, juu ya redio. Kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi mbili, mpini umekuwa mweusi kwa jasho la marehemu baba yake. Kiti ni changu. Nimeshakikalia kidogo mkuu alipotoka kwenda kula. Kinanienea.

Kumwomba Mzee apige? Thubutu. Hiyo ni kazi ya wanagenzi. Mtu akijua anarekodiwa hukaza shingo, hukohoa, huharibu kila kitu. Muziki wa kweli hunaswa mwenyewe akiwa hana habari. Hiyo ndiyo imani yangu ya kazi na nitazikwa nayo.

Jumatano, 8 Mei

Jana jioni nilipita kwa wakwe. Shikamoo Baba, shikamoo Mama, watoto hawajambo. Nikachomeka kinasa sauti chini ya mto wa kochi, nikaaga. Leo asubuhi nimerudi kuchukua miwani niliyosahau. Sina miwani, lakini hakuna aliyeuliza.

Nimesikiliza yote. Kochi linalia. Mzee anakoroma. Katikati Mzee anamuuliza Mama mkwe huyu mume wa binti yao huja kutafuta nini, mbona hukaa tu akikodolea macho ukuta. Mama mkwe anajibu labda kwake kuna kelele. Zeze, hata kidogo. Lakini sauti imetoka safi sana, kila neno.

Alhamisi, 9 Mei

Nimegundua kwa nini Mzee hapigi. Ni hizi mvua. Ngozi imelegea, na ngozi ikilegea zeze linatoa sauti ya kukata tamaa. Ikikazwa, mkono utamwasha wenyewe. Mzee alikuwa kliniki ya macho. Nikamwambia Mama mkwe kwamba maktaba inafuta vumbi vyombo vya wazee, bure kabisa. Akalifunga kwenye shuka, akanipa, akanishukuru. Moyo uliniuma kidogo, ukaacha.

Ngozi hukazwa kwa joto. Kila mtu wa kazi yetu anajua: unaianika juani, au unaipitisha mbali na moto huku unaigusagusa kwa kidole. Jua halikuwepo. Nikawasha jiko. Simu ikaita, Mwanakwaya, ananiuliza kwa unyenyekevu kama namjua mpiga zeze yeyote. Nikamwambia wote wameshafariki. Akaanza kusikitika, akataka kujua walikufa lini na wapi, ikabidi niwaue mmoja mmoja kwa maelezo. Nyuma yangu nikasikia pwaa.

Tundu la kuingiza ngumi. Nimekwisha.

Ijumaa, 10 Mei

Ngozi ya ndama hainunuliwi dukani kama sabuni. Nimezunguka nyumba nzima nikitazama kila kitu cha ngozi kwa jicho jipya. Mkanda wangu mwembamba. Viatu vina matundu. Nyuma ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, mkoba wa kahawia wa mke wangu. Laini, mpana, mzima. Sijawahi hata siku moja kumwona ameubeba.

Fundi viatu ameukata na kuuwamba kwenye kibuyu chini ya saa moja. Aliuliza swali moja tu, kama nataka zipu ibaki. Nikasema hapana, na nikamwomba asimwambie mtu. Akasema hata akisema, nani ataamini.

Nyumbani nimegusa uzi mara moja. Sauti ya chini, nzito, imetulia! Nilikaa kitako. Jioni nimelirudisha ukutani Mzee akiwa anakula, wala hakuinua kichwa.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu anatafuta mkoba. Amepindua nyumba. Kumbe ni zawadi ya baba yake siku anaolewa, na haubebi kwa sababu anautunza usichakae. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu angeambiwa mapema. Nikasema siku hizi wezi wamezidi. Akauliza tangu lini mwizi akaacha televisheni akachukua mkoba mtupu. Nikaingia uvunguni kusaidia kutafuta. Nimetafuta kwa bidii kuliko mtu yeyote katika nyumba hii.

Jumatano, 15 Mei

Sina nguvu za kuandika, lakini naandika. Mama mkwe anaimba kwaya moja na Mwanakwaya! Baada ya mazoezi akamwambia nyumbani kuna zeze. Jamaa akaenda. Akaamkia, akakaa, akamwambia, Baba, naomba unipigie. Basi. Mzee akalitungua akapiga mpaka chai ikapoa mezani, na kinasa sauti kimewekwa pale pale karibu na vikombe, taa yake nyekundu inawaka.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia, anacheka. Eti Mzee amesema amengoja miaka mkwe wake amwombe. Nilivyokuwa natazama ukuta akadhani nachukia muziki, akawa haligusi nikiwepo, kwa heshima yangu.

Ujanja wa Mwanakwaya si wa kawaida. Sijui aliusomea wapi.

Ijumaa, 17 Mei

Siku yenyewe. Mkurugenzi alimwalika Mzee, na Mzee akaja na zeze lake na binti yake, yaani mke wangu. Mwanakwaya akatusikilizisha rekodi yake. Nakiri, nywele zilinisimama. Mkurugenzi akaomba irudiwe. Akasema tangu aanze kazi hajasikia ngozi yenye sauti kama ile, akauliza ni ya mnyama gani. Mzee akajibu polepole kwamba ni ya ndama, baba yake aliiwamba mwenyewe. Akaongeza kwamba safari hii zeze lilitoa sauti nzito, ya baba yake kabisa, na usiku ule alilala vizuri. Akafuta macho.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini watu walikuwa wanampigia makofi Mwanakwaya! Kwa ngozi yangu! Nikajikuta nimesimama. Nikasema sauti hiyo ni yangu, ngozi hiyo nimeiweka mimi, bila mimi hakuna kitu, kama wanabisha waligeuze. Mke wangu akaligeuza. Kwenye ukingo wa nyuma fundi alikuwa ameacha mishono ya mapambo ya mkoba. Akaitambua.

Mzee hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliuliza tu ile ya baba yake iko wapi. Nikasema iliungua. Akatikisa kichwa, akalifunga zeze kwenye shuka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Kiti amepewa Mwanakwaya. Mkurugenzi alisema amejua kuomba, na hiyo ndiyo nusu ya kazi yetu.

Jumapili, 19 Mei

Nimelala kochini siku mbili. Leo Mzee ameniita. Nimekwenda nimekunja mikono, nikaomba radhi kweli kweli. Akanisamehe, yule baba, sijui moyo ule ameupata wapi. Akasema nimtafutie ngozi ya ndama nzuri, tutaiwamba pamoja, halafu nikitaka apige nifungue mdomo tu niseme. Mke wangu naye amesema ngozi ikifika nitarudi chumbani.

Nimetoka pale mtu mpya. Ninachotaka sasa ni Mzee alisikie tena zeze lake, wala si kiti. Nimekwenda moja kwa moja kwa muuza ngozi. Anayo, ila mbichi. Lazima ilowekwe, ikwanguliwe, ianikwe, na kwa mvua hizi huenda ikachukua mwezi. Mwezi mzima! Wakati mtu amenisamehe leo! Mzee amesema hana haraka, lakini wazee husema hivyo.

Wakati narudi nimepita kwenye ukumbi wa kwaya. Wana ngoma kubwa, ya ndama mtupu, kavu, imekolea. Ngoma ina pande mbili na wao hupiga upande mmoja tu. Mazoezi ni Jumatano. Stoo wanamoihifadhi haina kufuli.