Uso wa Chizuru Kwenye Kabati la Kioo

Jumapili, 11 Agosti
Nimerudi tena makumbusho ya hapa Chofu, kwenye maonyesho ya mavazi na vifaa vya filamu za mazimwi. Joka la mpira sikulitazama. Panga za majini, wapi! Nimekwenda moja kwa moja kwenye kinyago cha Mzimu wa Theluji. Kinyago kile ni uso wa mke wangu. Mwigizaji nyota alikataa kupakwa plasta ya kuchukulia umbo la uso, eti ngozi yake itaharibika, basi Chizuru wa chumba cha mavazi akautoa wake. Alifariki Februari. Alichukia kamera, nyumbani nina picha moja tu, tena amegeuka. Na keshokutwa wafu wanarudi makwao, yeye mara yake ya kwanza! Atakwenda wapi? Nyumbani kwenye kisogo chake, au pale ulipo uso? Jibu ninalo, na linaniuma.

Nikaomba ofisini waniazime kinyago mpaka wafu waondoke. Binti wa pale akainama, akasema anasikitika sana. Akainama tena. Nikajua nimekosa.

Jumatatu, 12 Agosti
Akili bado ninayo. Nimevaa ovaroli yangu ya studio, nimebeba bisibisi, nimemwambia mlinzi nimekuja kukaza skrubu za kabati. Alikuwa ananifungulia! Ndipo akatokea Onodera, mkuu wetu wa vinyago zamani zile, siku hizi anatembeza wageni pale na kujiita mtaalamu. Alimtaka Chizuru kabla yangu, sijasahau. Akaniuliza mbele za watu: mzee Hatanaka, tangu lini fundi wa taa akakaza skrubu? Watoto wakacheka. Mshenzi yule.

Jumanne, 13 Agosti
Siku yenyewe! Shemeji Kimie ananisubiri kaburini na taa, tumpokee dada yake. Atangoja sana. Mimi niko makumbusho. Nimeweka farasi wangu wa tango, tango lenye miguu ya njiti, chini ya kabati, Chizuru apate cha kupanda. Kisha nikawasha mshumaa wa taa ya karatasi nimwongoze nyumbani.

King'ora! Maji kutoka darini! Watu mbio, mama mmoja kaacha kiatu, joka la mpira likalowa chapachapa. Chizuru ndani ya kioo chake, mkavu.

Onodera akanitoa nje, amelishika tango langu kwa mikono miwili. Nikangoja matusi. Akaniuliza kama nimewahi kuona mdomo wa kinyago ulivyopinda kushoto. Akasema: Chizuru alicheka plasta ikiwa mbichi. Wewe ulikuwa juu ya ngazi unamringia, ukaangukia ndoo. Ningeweza kurudia kazi ile, sikutaka.

Nimelia barabarani mchana kweupe, mzee mzima. Nimerudi na taa iliyozimika. Sijui kama alinifuata.

Ijumaa, 16 Agosti
Leo wanaondoka. Yule ng'ombe wa biringanya anayewarudisha polepole, nimemvunja miguu yote nikamficha kwenye friji. Aende na nini sasa? Kimie kamtafuta nyumba nzima. Kafungua friji. Hakupiga kelele. Akasema tu, shemeji, mwache dada aende, ukimchelewesha, mwakani huko kwao hawatamruhusu kuja. Akamtia ng'ombe miguu mipya ya njiti za kiberiti. Tukawasha moto wa kuwaaga mlangoni. Ukawaka kidogo, ukaisha.

Nyumba kimya. Nimemkumbuka mke wangu mpaka kifua kinauma. Nimemwahidi Kimie: vituko basi. Nimekoma.

Jumamosi, 17 Agosti
Onodera kapiga simu. Maonyesho yanahamia Nagoya, Jumatatu vitu vyote vinafungwa kwenye maboksi. Akasema nije kwa mlango wa nyuma nimuage Chizuru, atanisimamia mwenyewe. Sauti yake haikuwa nzuri. Kumbe naye anaumia. Mtu mwema kabisa, na mjinga: kaniambia maboksi yanapangwa wapi.

Nimeomba boksi la friji dukani. Nimelijaribu sebuleni. Nikikunja magoti naenea vizuri, na kifuani inabaki nafasi ya kinyago. Kimie akiuliza, nimekwenda kuoga maji ya moto milimani.

Nimetoboa tundu la kupumulia. Nikatazama. Nikatoboa la pili, la Chizuru.