Springi za Lori na Aibu ya Baba Mkwe

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Pole na mvua. Naomba umwite barazani fundi Ebeneza, kabla sijamwita mwenyewe kwa mchi.

Unalijua gari langu la mbio, lile jekundu la viti viwili, la zamani kuliko uenyekiti wako. Egzosi ilikuwa inakwaruza barabara, nikamwomba Ebeneza anyanyue nyuma kidogo. Kidogo, Mwenyekiti! Yeye akang'oa vyuma vya springi kwenye lori bovu la mpunga, akavipachika kwenye springi zangu za nyuma, akajisifu kwamba sasa nitabeba hata kakao. Nani alimwambia nataka kubeba kakao? Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari limebinua matako kama bata anayetafuta minyoo. Taa zinamulika sisimizi. Watoto wa Busale wananiuliza kama linasali.

2. Springi hazibonyei kabisa. Jumapili nilipita kwenye tuta, meno yangu ya bandia yakaruka dirishani. Nikasoma somo la pili kanisani kwa ufizi, na waumini wakasema amina kwa huruma tu.

3. Hili ndilo limeniliza. Alhamisi mkamwana wangu Lusungu alishikwa na uchungu. Mumewe, mwanangu Amon, yuko Lyulilo kwenye samaki, na bodaboda zimeshindwa na matope. Unajua sisi wa kizamani: baba mkwe na mkamwana hatutazamani. Miaka sita ananiwekea chakula mlangoni, anakohoa, anaondoka. Nami nakohoa kushukuru. Basi tukatundika kitenge katikati ya viti, tukaondoka kwenda hospitali, kila mtu na dirisha lake. Kwenye daraja la Bujonde springi zikaturusha. Kitenge kikaanguka, Lusungu akatua mapajani kwangu, tukatazamana uso kwa uso. Nami sina meno!

4. Akacheka. Na uchungu wake wote ule, alicheka mpaka akaniita baba. Jamani, heshima ya ukoo imekwisha kwa vyuma vya lori!

Kwa hiyo Ebeneza avifungue vyuma vyake mbele ya baraza, atozwe jogoo wa kunisafisha aibu, springi za lori zipigwe marufuku Kyela nzima, na lile daraja livunjwe.

Wasalimie wajumbe wote, mkeo mama Prisca, na yule mbuzi wako aliyekula kiti changu cha kushoto.

Mimi mwenye kiuno kibovu na haki yangu,
Mzee Hezroni

Nyongeza: Lusungu amejifungua msichana, wote wazima. Leo chakula hakikuachwa mlangoni. Aliingia nacho mwenyewe, akakaa, tukapiga soga mpaka wali ukapoa. Tangu mama Amon afariki, sijawahi kula na mtu katika nyumba hii. Basi Ebeneza asiguse hata nati moja, na huyo jogoo nitampelekea mimi. Kitenge nacho msikitafute. Lusungu anabebea mtoto. Ndaga fijo, asante sana.